Anemoni Aliyenywea Si Maiti

Ninaye jirani ambaye ni fundi mitambo, mtu makini katika kazi yake, aliyefuga samaki wa maji baridi kwa miaka mingi kabla hajaingiwa na hamu ya bahari. Alidunduliza fedha, akanunua tangi kubwa la kioo, akalijaza maji ya chumvi, na baada ya majuma machache akatia humo anemoni mmoja wa rangi ya kahawia mwenye ncha za kijani. Wanawe walimpenda mnyama yule kuliko samaki wote. Kila jioni walijipanga mbele ya kioo wakimtazama akipepea minyiri yake taratibu, huku wakibishana ni nani atakayemlisha kipande cha kamba.

Alfajiri moja baba aliwasha taa ili ajiandae kwenda kazini, akamkuta anemoni amekuwa donge la nyama, dogo kuliko ngumi ya mtoto, na mdomoni mwake zinaning'inia nyuzi za ute wa kahawia. Akaamini kwamba amekufa. Kwa kuhofia mzoga usije ukaharibu maji na kuua samaki, alimbandua jiweni, akamfunga katika gazeti, akamtupa jalalani. (Ni gazeti gani, sikuthubutu kumwuliza.) Watoto walipoamka walikuta jiwe tupu.

Aliponisimulia mkasa huo jioni yake nilikosa la kumwambia mbele ya wale watoto, kwa maana kila alichokieleza kilinionyesha kwamba mnyama yule alikuwa hai. Wala sidhani kwamba alikuwa mgonjwa. Yaelekea alikuwa akijisafisha.

Najua kwamba wengi wenu hamna tangi la maji ya bahari nyumbani, na gharama yake si ya mchezo. Hata hivyo, mtu yeyote aliyewahi kutembea na watoto wake miambani wakati maji yamekupwa huenda amemwona anemoni bila kumjua jina. Yeye hufanana na ua lililoota chini ya maji, lakini ni mnyama kamili, wa ukoo mmoja na matumbawe na viwavi vya baharini vinavyowasha waogeleaji. Hana mfupa, hana ubongo, hana damu. Anao mguu mmoja mpana wa kujishikiza mwambani, mwili kama mfuko, na juu yake mdomo uliozungukwa na minyiri. Kila mnyiri umejaa vijifuko vidogo sana vyenye nyuzi za sumu, ambavyo hufyatuka samaki au kamba anapougusa.

Jambo la kushika hapa ni kwamba anemoni husimama kwa nguvu ya maji. Anapotaka kutanuka huingiza maji ndani ya mwili wake mpaka akajaa kama kiriba. Anapotaka kunywea huyatoa, akasinyaa. Zaidi ya hayo, Mwenyezi Mungu amempa tundu moja tu kwa kazi zote mbili: linaloingiza chakula ndilo linalotoa uchafu. Basi akimaliza kumeng'enya mlo wake, au maji yaliyomo mwilini yakichakaa, hujikamua yote, akatema ute na mabaki, akakaa amenywea kwa saa kadhaa, kisha akavuta maji mapya na kuwa mkubwa kama jana. Katika ute huo wa kahawia huwamo pia vimea vidogo ambavyo nitavieleza punde. Aliyekwisha kuuona mwenendo huo mara tatu hashtuki tena. Anayeuona kwa mara ya kwanza hudhani ameona mauti.

Wengine hunywea usiku taa zinapozimwa, wengine wanapoguswa na samaki msumbufu, wengine baada ya kubadilishiwa maji. Wale wanaoishi ukingoni mwa bahari, katika sehemu zinazoachwa wazi maji yakipwa, hujifumba mara mbili kila siku wakawa kama tone la ute juu ya jiwe, wakafumbuka tena bamvua linapowafikia. Kwao kunywea ndiko kunakowaokoa wasikaushwe na jua.

Utamjuaje basi aliyekufa? Mtazame mdomo na mguu, kisha tumia pua yako. Anemoni mzima, hata akiwa amenywea, huufumba mdomo wake au huuacha wazi kidogo tu, na mguu wake hushika jiwe sawasawa. Mgonjwa huuachama mdomo siku nzima hata ukaona utumbo wake, na ukimgusa kwa kijiti minyiri yake hainati wala haijikunji. Aliyekufa huachia jiwe, huanza kuyeyuka vipande vipande, maji yanayomzunguka hugeuka ukungu, na harufu yake haina mjadala. Huyo mtoe mara moja, maana kuoza kwake hujaza tangi amonia, na amonia huua samaki kwa muda mfupi. Lakini aliyenywea bila kunuka, mwenye mguu ulioshika, mwache saa 24. Usimng'oe ili kumchunguza. Mguu uliochanika hupata vidonda, na wengi hufa kwa kidonda hicho ambacho wametiwa na bwana wao mwenyewe.

Sasa tuje kwenye rangi, ambako ndiko udanganyifu ulikozidi.

Anemoni wengi wanaofugwa majumbani, yaani wale wakubwa wa bahari za joto wanaokaa na samaki wadogo wenye mistari myeupe, wana wapangaji ndani ya nyama yao. Hawa ni vimea vya jamii ya mwani, vidogo hata jicho haliwezi kuviona kimoja kimoja, ambavyo hutumia mwanga kutengeneza sukari kama yafanyavyo majani ya mti. Sehemu kubwa ya sukari hiyo humwendea mwenye nyumba. Yeye naye huvipa makao, na taka zake huwa mbolea yao. Samaki anayelala katikati ya minyiri huchangia pia, kwa kuwa mkojo wake una amonia ambayo vimea hivyo huipenda. Rangi ya kahawia unayoiona kwa anemoni ni rangi ya wapangaji hao. Kijani kinachong'aa, wekundu na zambarau ni protini za mnyama mwenyewe, zinazolala juu ya kahawia kama kanga juu ya gauni.

Maji yakipata joto kupita kiasi, au mwanga ukizidi ghafla, vimea huanza kuzalisha oksijeni ya namna inayodhuru nyama, na mnyama huvitoa nje. Hapo hupauka. Akikosa mwanga wa kutosha kwa majuma mengi, vilevile vimea hupungua. Anemoni aliyepauka huwa mweupe kama karatasi, au, ikiwa ana protini nyingi za rangi, hubaki na kijani au waridi kali inayopenyeza mwanga, bila kahawia yoyote chini yake. Mnunuzi asiyejua husema, "Huyu ndiye mzuri kuliko wote!" akalipa zaidi. Kumbe amenunua mnyama mwenye njaa. Biashara ya namna hii ipo ulimwenguni kote, tena wapo wauzaji wanaowatia anemoni weupe rangi ya manjano au ya waridi kama vitambaa. Rangi hiyo hutoka baada ya muda, na mnunuzi hulaumu maji yake.

Kupauka si jambo la matangi peke yake. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe ya mwambao wetu na ya visiwa vya jirani yalipauka kwa wingi, na sehemu kubwa yakafa. Anemoni nao walikumbwa. Ikawa hivyo tena mwaka 2016, na mwezi Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imo katika tukio la nne la kupauka kwa matumbawe katika bahari zote za joto. Kwa hiyo mtoto anayemwona anemoni akipauka katika tangi la sebuleni anaona kwa udogo jambo ambalo wavuvi wameliona kwa ukubwa.

Aliyepauka hajafa, na akihudumiwa kwa saburi vimea huzaliana tena ndani yake, ingawa kazi hiyo huchukua miezi. Mlishe vipande vidogo vya samaki au kamba mbichi, kadiri ya ukucha wa kidole kidogo, mara moja au mbili kwa juma. Ukimpa tonge kubwa atalitapika kesho yake, na kutapika kutamdhoofisha zaidi. Mwanga uongezwe pole pole. Mtu anayetoa taa hafifu na kufunga kali siku hiyohiyo kwa huruma humchoma mgonjwa wake.

Umbo nalo lina habari zake. Yupo anemoni mmoja apatikanaye kuanzia Bahari ya Shamu na mwambao wa Afrika Mashariki hadi Pasifiki, ambaye wataalamu humwita Entacmaea quadricolor. Ncha za minyiri yake huvimba kama chuchu ya chupa ya mtoto, na ndizo zinazowafanya watu wamnunue. Miezi mitatu baadaye zile chuchu hupotea, minyiri ikawa mirefu na iliyochongoka, na barua za malalamiko zikaanza. Wengine husema ni mwanga, wengine mkondo wa maji, wengine chakula, wengine kutokuwapo kwa samaki wake. Kila kauli imepata kupingwa na tangi la mtu mwingine, na wataalamu hawajakubaliana juu ya sababu moja. Kwangu mimi hilo si la kumnyima mtu usingizi. Ikiwa rangi ni nzuri, mdomo umefumba na chakula kinaliwa, mnyama huyo ni mzima hata kama ncha zake zimechongoka kama kalamu.

Tofauti na hilo ni minyiri inayorefuka isivyo kawaida pamoja na mwili wote kujinyoosha kuelekea juu. Huyo anautafuta mwanga. Asipoupata hung'oa mguu na kuanza safari, maana anemoni hutembea, japo polepole kama konokono. Safari hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko kunywea kote nilikokutaja, kwa kuwa njiani ipo pampu. Anemoni akivutwa na pampu hukatwakatwa, na asubuhi utakuta supu. Hapana budi mdomo wa pampu ufunikwe kwa sifongo au wavu kabla mnyama huyu hajaingia tangini.

Mara nyingine utamwona amevutika pande mbili kama unga wa maandazi, mguu umenyooka, mdomo umepinda. Usiite daktari. Anajigawa. Siku ya pili au ya tatu watakuwapo wawili, kila mmoja na jeraha la ubavuni ambalo hupona lenyewe, na wote wawili ni mtu na pacha wake kamili. Wengine hujigawa kwa kunenepa, wengine kwa kufadhaika, hivyo ukiona jambo hilo yatazame maji yako kabla hujapiga vigelegele.

Maji ndiyo yenye neno la mwisho katika habari hizi zote. Yanatakiwa yawe na chumvi kama ya bahari yenyewe, yaani gramu 35 hivi kwa kila lita, na joto la nyuzi 25 au 26. Hapa Dar es Salaam, chumba kilichofungwa mwezi wa Februari hupita nyuzi 30 bila taabu, na taa na pampu huongeza joto lao. Ondoa kifuniko cha tangi, elekeza feni ivume juu ya uso wa maji, nayo yatapoa kwa kadiri yanavyopungua. Lakini hapo umezaa jambo jingine: maji yanayopaa huiacha chumvi nyuma. Ukijaza pengo kwa maji ya bahari, baada ya mwezi mmoja utakuwa umetengeneza brine ya kukaushia samaki. Pengo la kupaa hujazwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, nayo yakiwa ya bomba yaachwe kwanza katika ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke.

Wako wanaochota maji ya tangi ufukweni. Hapana ubaya, mradi uchote wakati maji yamejaa, mbali na bandari na mbali na mlango wa mto kama Msimbazi, wala usichote baada ya mvua za masika, maana wakati huo bahari ya pwani imechanganyika na maji ya mitaroni. Chumvi ya jikoni haifai kabisa. Bahari ina madini mengi ambayo hayamo katika pakiti ile.

Mambo mawili zaidi huua kimya kimya. La kwanza ni dawa ya ugonjwa wa samaki yenye shaba. Samaki hupona na anemoni hufa, na shaba iliyobaki katika mawe huendelea kuua. La pili ni dawa ya mbu inayopulizwa chumbani jioni. Umeme nao unapokatika maji husimama na oksijeni hupungua, hivyo mwenye tangi aweke pampu ndogo ya hewa inayotumia betri kama wengine tuwekavyo mshumaa.

Tena tangi jipya halimfai anemoni. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitrati wanahitaji muda wa kujijenga katika mawe na mchanga, na wafugaji wazoefu hushauri kusubiri miezi sita au zaidi. Jirani yangu alisubiri majuma matano.

Anayetaka kujua subira hiyo inalipa nini na asikilize habari hii ya Uskoti. Mwaka 1828 Sir John Graham Dalyell aliokota anemoni mmoja mwekundu karibu na North Berwick, akamweka Edinburgh ndani ya chombo kidogo cha kioo ambacho maji yake ya bahari yalibadilishwa mara kwa mara. Dalyell alifariki mwaka 1851. Anemoni akarithiwa na wengine, mmoja baada ya mwingine, akazaa watoto kwa mamia, watu wakamwita Bibi, naye hakufa mpaka mwaka 1887. Hakuwa na pampu wala taa ya umeme. Ni kweli kwamba alikuwa wa aina isiyotegemea vimea wala maji ya joto, hivyo mahitaji yake yalikuwa machache. Lakini miaka 59 katika chombo cha kioo ni mingi, na nina hakika katika muda wote huo alinywea mara nyingi bila mtu kumtupa.

Nchi hiyohiyo ya Malkia Victoria ina habari nyingine isiyopendeza. Philip Henry Gosse alipochapisha kitabu chake juu ya matangi ya bahari mwaka 1854, watu walishikwa na wazimu wa kufuga, wakamiminika pwani na ndoo. Mwanawe, Edmund, aliandika mwaka 1907 kwa masikitiko kwamba madimbwi ya miambani aliyoyaona utotoni, yaliyojaa anemoni, yalikuwa yamekwanguliwa yakabaki matupu. Naikumbuka habari hiyo kila ninapoona vijana wakirudi kutoka visiwani na chupa za plastiki. Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975, na kiumbe aliyemo humo si wa kuchukuliwa na mtu.

Jirani yangu hakwenda kisiwani. Alilitazama jiwe lake tupu kwa miezi saba, akipima chumvi na joto kila Jumamosi, na watoto wakawa wanamkumbusha. Kisha rafiki yake ambaye anemoni wake alijigawa akampa mmoja katika ndoo. Binti mkubwa, aliye darasa la sita, alifungua daftari la kurasa 40, akapiga mistari: saa, joto, mdomo, mguu, rangi, amekula au hajala.

Juzi nilipita kwao nikaomba nilione daftari. Katika ukurasa wa Jumanne palikuwa pameandikwa kwa penseli: "Saa 11 alfajiri. Amenywea. Ute wa kahawia. Mdomo umefumba. Mguu umeshika. Hanuki. Baba ameambiwa asimguse." Na chini yake, kwa kalamu ya wino: "Saa 8 mchana. Amefunguka."